Pampu ya Kisima Ikizeeka: Itengenezwe au Inunuliwe Mpya?

(Hotuba kwa kamati za maji, Timau)



Timau iko miguuni pa Mlima Kenya, lakini upande huu wa kaskazini mvua ni haba. Pampu ikizimika wakati wa kiangazi, viazi hunyauka shambani na mifugo hukosa maji. Uamuzi usingoje siku hiyo.

Anzeni kwa kupima. Jazeni mtungi wa lita 20 pale maji yanapotoka kisimani, mkihesabu sekunde. Ukijaa kwa sekunde 10, pampu inatoa lita 7,200 kwa saa. Ukijaa kwa sekunde 15, ni lita 4,800 tu. Maji yaleyale sasa yanahitaji saa moja na nusu, na bili ya stima hupanda.

Hata hivyo, msiilaumu pampu mapema. Huenda maji yameshuka kisimani, bomba linavuja au stima ni hafifu. Pampu mpya haitamaliza shida hizo.

Ikiwa ni beringi tu, tengenezeni. Ikiwa mchanga umekula sehemu za ndani, au mota imeungua tena, jumlisheni malipo ya fundi, vipuri na gharama ya kuitoa pampu kisimani. Jumla ikipita nusu ya bei ya mpya, mara nyingi kununua ni nafuu.

Kila tengenezo liandikwe daftarini, na wanachama wasomewe hesabu kabla ya kuchanga. Pesa ni zao.