Jani Linapokuwa Noti: Mchezo na Elimu ya Awali



Neno mchezo tumelitwisha mizigo miwili inayovutana. Tunacheza ngoma, tunacheza bao, tunatazama mchezo wa kuigiza, na yote hayo yanataka ustadi. Lakini jambo likiwa zito tunasema si mchezo, na mtoto akitukera tunamwambia aache mchezo. Maana hii ya pili ndiyo iliyotangulia kuingia shuleni. Jioni hii natetea ile ya kwanza, na nitaanzia uwanjani.

Mdako mnaujua. Watoto huchimba kishimo, wakatia kokoto. Mchezaji hurusha kokoto moja juu, na kabla haijashuka huzikokota nyingine nje ya shimo, kisha akaidaka. Akirusha tena, huzirudisha zile za nje, lakini lazima abakishe moja. Akimaliza za moja moja, huenda kwenye mbili mbili, kisha tatu tatu. Akikosea idadi, ameungua, anampisha mwenzake. Tazameni kilichomo humo: kutambua tatu kwa jicho bila kuhesabu kwa kidole, kutoa, kugawa mafungu, na kukubali kushindwa mbele za watu. Na mdogo wa miaka mitano aliyeketi kando, ambaye bado hajaruhusiwa kucheza, ndiye wa kwanza kupiga kelele dada yake anapobakisha mbili badala ya tatu. Nani alimfundisha?

Sasa twende chini ya mwembe, kwenye duka. Mchanga ni sukari, kifuu ni mizani, jani ni noti. Mtoto anajua fika kwamba jani ni jani. Hawezi kulipeleka dukani kwa mangi. Lakini amekubaliana na wenzake lisimame badala ya kitu kingine, na wote wanaliheshimu agano hilo. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, katika mhadhara alioutoa Leningrad mwaka 1933, alikishika hasa kiini hiki: katika mchezo wa kuigiza, mtoto huanza kuitenga maana na kitu chenyewe. Fimbo inakuwa farasi. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 37, na mhadhara huo haukuchapishwa hadi 1966.

Nalikazia hili kwa sababu hapo ndipo kusoma kunapoanzia. Herufi m ni nini, kama si mistari michache tuliyokubaliana isimame badala ya sauti? Tarakimu 5 haina vitu vitano ndani yake. Mtoto aliyekwisha kulifanya jani kuwa noti ameionja kazi hiyo kabla hajashika penseli. Tunapomnyima duka lake ili awahi kuandika, tunang'oa mzizi tukisubiri tunda.

Vygotsky aliona jambo jingine ambalo wazazi wa hapa watalitambua mara moja. Mtoto asiyeweza kutulia dakika mbili kwenye dawati hujibana kimya nyuma ya pipa, pumzi ameishika, akicheza kombolela. Hakuna fimbo iliyomtuliza. Ametulizwa na sheria aliyoikubali mwenyewe.

Chekechea ya kwanza, shule ya watoto wadogo iliyojengwa juu ya mchezo, ilifunguliwa na Friedrich Froebel huko Ujerumani mwaka 1837. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule zake mwaka 1851, na marufuku hiyo ikaondolewa 1860, yeye akiwa ameshafariki. Kuzishuku shule za mchezo hakukuanza kwetu.

Nao ushujaa upo kwetu. Katika miaka ya 1980, Waislamu wa pwani ya Kenya walitaka watoto wao wapate maandalizi ya shule bila kuiacha dini yao. Kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan ukaanza Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kinamama wa mtaani walifunzwa ualimu. Vifuu, mbegu, vizibo vya soda na makopo vikawa zana. Darasa likagawanywa kona, hapa ya nyumbani, pale ya vitabu. Hawakungoja meli ilete midoli. Kila ninapoambiwa kwamba kujifunza kwa michezo ni anasa ya matajiri, hukumbuka vifuu vile.

Tanzania ilipoitoa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, mwaka mmoja wa elimu ya awali ukawa wa lazima. Ni hatua kubwa. Lakini mlango wa darasa ukifunguliwa, ndani mna nini? Mjukuu wangu, akiwa na miaka minne, alifanyiwa usaili na shule moja. Aliambiwa aandike a hadi z. Aliandika hadi d, akaanza kulia, na jina lake likakatwa. Sijapata kuona jambo la kunihuzunisha zaidi katika taaluma hii niliyoipa maisha yangu.

Simaanishi watoto waachwe tu huku mwalimu akisahihisha madaftari. Mwalimu hodari huingia dukani kama mteja: "Nina noti mbili, unanipa vibaba vingapi? Mbona mwenzangu umempa vingi?" Swali lile hufungua hesabu, lugha na haki kwa pamoja, kisha yeye hujiondoa mchezo ukaendelea. Ni kazi ngumu kuliko kuandika ubaoni, na chuo hiki kina wajibu wa kuifundisha kwa vitendo, watoto wakiwepo.

Ninyi mlio wazazi nawaomba jambo moja. Kesho mtoto akirudi kutoka shule, msimuulize ameandika kurasa ngapi. Muulizeni amecheza nini, na nani, na sheria zilikuwaje. Kisha ketini naye awafundishe.