Meza ni ya nyumbani, kazi ni kazi: maneno tuliyowaambia vijana wa Basoko



Tunajua hapa Basoko Lingala njo mwenye nyumba. Muturuhusu tuongee Kiswahili chetu cha Kisangani, na fasi tutakaposhindwa Lingala itatuokoa. Tumekuja kwa baleniere. Tumepita Yangambi, tumepita Isangi, tumefika hapa fasi Aruwimi inaingia katika mto mkubwa. Ndani ya baleniere mama mmoja alituuliza: safari hii munaenda kudai nini? Tukamujibu: tunaenda kuongea juu ya meza. Alicheka mpaka karibu mwiko umwangukie majini.

Basi tumwambie kwa nini meza.

Mmoja wetu, mdada wa Kisangani, alipata kazi ya kuandika mahojiano. Wanamutumia sauti kwa simu, anasikiliza Kiswahili na Lingala, anaandika kwa Kifaransa, analipwa kwa dakika ya sauti. Hakuwa na ofisi. Alikuwa na kitanda, na mashini kwenye magoti. Siku ya kurudisha kazi, tangu asubuhi alitumwa: nenda kuchota maji, peleka muhogo kusagisha, shika mtoto. Si kwa ubaya. Kwa macho ya watu wa nyumba, alikuwa ameketi tu. Alianza kazi yenyewe jua limezama, na saa 4 ya usiku umeme ukaenda. Mashini ilikuwa na asilimia 9. Kesho yake ile kazi ilipewa mtu mwingine, na mdada akapoteza feza aliyokuwa ameihesabu kwa minerval ya mdogo wake.

Sisi tuliposikia tulikimbilia kulaumu umeme. Tumezoea. Lakini tulipokaa naye na kuhesabu saa za ile siku, tuliona umeme ulichukua saa mbili. Nyumba ilichukua nane.

Njo maana tunaanza ndani ya nyumba.

Kwanza toka kitandani. Mgongo utakushukuru, na watu wa nyumba wataona kitu kimebadilika. Tafuta meza. Tunakaa katikati ya pori la afrormosia, magogo yanapita mbele ya macho yetu kushuka Kinshasa, na sisi tunaandika juu ya magoti! Muulize fundi wa mbao akukatie mbao ya mita moja kwa sentimita 60, urefu wa miguu sentimita 73 ao 75. Kiti cha plastiki kikiwa chini sana, weka mto. Viwiko vikae sawa na meza, mashini iinuliwe kidogo kwa vitabu vya zamani kama shingo inaanza kuuma.

Fasi ya kuiweka, usichague kwa uzuri. Chagua kwa jua na mvua. Chini ya mabati bila plafo, saa 7 ya mchana utapikwa wewe na mashini pamoja. Kona ya upande wa asubuhi, ao chini ya paillote, ni bora kuliko saloni yenye viti vizuri. Dirisha likae ubavuni, si nyuma yako, la sivyo kwenye video wataona kivuli kinachoongea. Na mvua ikipiga mabati, hakuna mtu atakayekusikia. Kwetu mvua inapenda kuja baada ya mchana. Mikutano yote ya sauti iombe iwe asubuhi, mchana uandike.

Hapo kuna mtego mmoja ambao umewakamata wengi. Tshopo inafuata saa ya mashariki, Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Bosi wa Kinshasa akisema saa 3 ya asubuhi, kwako ni saa 4. Ukiingia mapema si mbaya. Lakini akikuambia utume kazi mbele ya saa 11 ya jioni ya kwako, na wewe ukafikiri ni ya kwake, umechelewa saa nzima. Kila mara uliza: saa ya nani?

Sasa umeme. Hapa anayeutaka anajitafutia, kwa hiyo tuhesabu vizuri kabla ya kutoa feza. Mashini ndogo ya kawaida inakula kama wati 50. Saa 6 za kazi ni wati-saa 300. Ongeza simu na taa moja ya LED, sema 350. Bateri ya volti 12, amperi-saa 100, kwenye karatasi ina 1,200. Lakini kama ni ya risasi usiikamue kupita nusu, itakufa haraka. Kwa hiyo una 600. Paneli ya wati 100, siku ya jua zuri, inarudisha kama 350. Siku ya mawingu ni nusu ao chini. Munaona? Inatosha kazi, na inatosha kazi peke yake. Ukikubali jirani aangalie mpira kwenye bateri ile, Jumatatu hauna mshahara. Sema hapana mapema, ukiwa unacheka, kabla hajazoea.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawasemi: ile konvertisa inayopandisha volti 12 mpaka 220, halafu chaja inashusha tena kwa mashini, inakula umeme wako njiani mara mbili. Kuna chaja za gari zinazotoka moja kwa moja kwenye bateri. Tafuta ile inayolingana na volti ya mashini yako, soma chini ya mashini imeandikwa. Na radi ikianza kuongea, chomoa vyote. Usingoje umalize sentensi.

Intaneti ni fupi: fanya kazi bila intaneti, itumie kupokea na kutuma tu. Zima programu zinazojisasisha zenyewe, zinakula mega zako ukiwa umelala. Ukiweza omba sauti pasipo video. Kuwa na SIM mbili za mitandao miwili, na nakala ya kazi kwenye kile ya USB. Halafu tembea ndani ya parseli na simu, asubuhi, mchana na usiku, uone wapi mtandao unakaa. Wakati mwingine ofisi yako nzuri iko mita tatu kutoka fasi uliyoipenda.

Tumefika kwa jambo lenyewe. Mbao inapatikana, paneli inakusanyiwa feza polepole. Kitu kigumu ni kuheshimiwa ukiwa nyumbani. Kijana wa kiume akikaa na mashini wanasema anasoma. Mdada akikaa na mashini wanasema anakaa. Sisi wanaume wa harakati tuseme ukweli: tunaandika matangazo juu ya haki tukiwa tumeletewa maji ya kuoga na dada zetu.

Yule mdada tulimushauri, na yeye akatusahihisha, na hivi njo alivyofanya. Kazi ya pili ilipokuja, hakugombana na mama yake. Alingoja jioni, baada ya chakula, akamwonyesha kwenye simu bei ya kila dakika, akahesabu pamoja naye: saa moja ukinituma inatuondolea hiki. Mama hajui mashini, lakini bei anajua kuliko sisi wote, ameuza kwanga soko nzima ya maisha yake. Wakapatana saa: asubuhi mpaka saa 7 mdada yuko kazini, baada ya hapo yuko nyumbani. Maji ya asubuhi yakapewa kaka, aliyenuna siku tatu. Wakatundika kitenge kama rido mbele ya kona. Rido ikifungwa, hayupo, hata kama anasikika akikohoa. Na malipo ya kwanza yalipoingia kwenye simu, alimupa mama yake sehemu mbele ya watu wote. Tangu siku ile, mgeni akiuliza mdada yuko wapi, mama anajibu: yuko kazini.

Kuna watakaosema tumegeuka wauza paneli, tumeacha kudai. Hapana. Mtu anayetengeneza kona yake hajasamehe deni. Kisangani ina kiwanda cha umeme cha Tshopo tangu miaka ya 1950, turbine tatu, zote pamoja hazifiki megawati 20 hata zikizunguka vizuri. Mji umekuwa mara nyingi zaidi na mashini ni zile. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa wengine kuzalisha na kugawa umeme. Basoko ina haki ya kuuliza mlango ule umewaletea nini miaka yote hii, na swali lile liandikwe, litiwe sahihi, lipelekwe kwa mkono kwa teritware na kwa mkoa.

Na musisahau simu. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima, ikarudi baada ya siku kama 20. Sisi wakati ule tulilia juu ya matokeo, hatukuwaza kwamba anayefanya kazi kwa mbali alifungiwa ofisi siku zile zote bila barua. Septemba 2020 ikaja RAM, ikakatwa kwenye inite zetu, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na kupanda. Ilitolewa mwaka wa 2022, juu watu walikataa na kuendelea kukataa. Kwa hiyo mtu akikuambia mtandao ni mambo ya siasa, wewe ni mfanyakazi tu, mwambie ule mtandao njo njia yako ya kwenda kazini. Wa Kisangani anapanda toleka, wewe unapanda mega.

Mambo mawili kabla hatujapanda baleniere. Wanaotaka chumba cha pamoja, wenye paneli na wenye mbao waandike majina kwenye daftari ya dada aliyeketi mlangoni. Tunapendekeza chumba kifunguliwe asubuhi, si usiku, ili wadada waweze kuja na kurudi bila woga. Ufunguo ushikwe na watu wawili, mmoja awe mdada, na bateri isitumiwe kwa mziki. Juu ya mziki tunajua mutatuchukia.

La pili, yule mdada amekubali kushuka nasi safari ijayo, siku mbili, kufundisha namna ya kuandika sauti. Mwenye kusikia vizuri Lingala, Kiswahili na lugha ya kwao, na anaandika Kifaransa bila makosa mengi, ajiandikishe leo. Fasi ni kumi. Amesema atakuja na mashini yake, na kitenge chake cha rido.