Watu Bila Daftari

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka



Wahenga walinena ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Twaonelea ya kuwa neno hilo lawahusu watu kuliko lihusuvyo mali.

Hesabu ya mwaka 1948 ilionyesha ya kuwa Kenya ina watu wapatao milioni 5 na laki 4. Ile ya 1979 ilipata milioni 15 na laki 3, na ile ya 2019 ikapata milioni 47 na nusu. Watu wameongezeka mara nane na zaidi, wala ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Lakini habari hazikuletwa ili kututisha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilionekana ya kuwa mwanamke wa Kenya huzaa watoto 8 kwa wastani. Uchunguzi wa 2022 ulipata wastani usiofika 4. Akina mama walisoma shule, wakaelezwa zahanatini habari za uzazi wa mpango, wakaona watoto wao wanaishi, kisha wakakata shauri pamoja na waume zao. Mtu apatapo habari za kweli, hujiamulia mwenyewe.

Twajua ya kuwa wako wazee wasiopenda watoto wahesabiwe. Hofu yao twaiheshimu, kwani zamani za ukoloni aliyehesabiwa leo alidaiwa kodi kesho. Siku hizi mambo yamegeuka. Tangu Katiba ya 2010, idadi ya watu ni kipimo kimoja kikubwa cha kugawia kaunti fedha. Anayefichwa ndiye anayepunjwa. Tena mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu siku ya kuandikishwa mtihani, na mjane asiye na cheti cha kifo cha mumewe huzungushwa akidai urithi.

Chama chetu kina daftari la mazishi, lililotunzwa vema. Kitabu cha waliozaliwa hatuna. Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo mawili: kwanza, kila tawi liandike vizazi na vifo, na kuwahimiza wenyewe wampelekee habari naibu wa chifu bila kukawia, pili, hesabu hiyo isomwe kila mwaka mbele ya wanachama wote, maana habari iliyofungiwa kabatini haimfai aliyeitoa.