Kifaranga Dhaifu: Joto Kwanza
Mfugaji mwenzangu, kuku ameshaangua, vifaranga wanakimbia huku na huko, ila mmoja amelegea, mbawa zimeshuka, hata kusimama hawezi. Usiharakishe kumlisha. Tumboni bado ana kiini cha yai, akiba ya siku mbili hadi tatu. Anachohitaji kwanza ni joto. Mtenge kwenye boksi lenye matundu, karibu na balbu, penye nyuzi 32 hadi 35. Huna kipimajoto? Mtazame: akijikunyata na kulia, ana baridi, akitanua mbawa na kuhema, umezidisha. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa usithubutu. Hewa yake huua vifaranga, na wenye nyumba pia.

Akichangamka, mpe maji ya uvuguvugu yenye glukosi au sukari kidogo. Chovya ncha ya mdomo tu, ameze mwenyewe. Ukimmiminia kwa kijiko, na wengi hufanya hivyo kwa huruma, yatampalia na kuingia mapafuni.

Miguu ikitanuka, na umemtandikia gazeti, liondoe, linateleza, tandika gunia. Kitovu kikiwa kibichi au kikinuka, mwite mtaalamu wa mifugo, na usimrudishe kwa wenzake: watamdonoa.