Dirisha la Kumbukumbu Lianze na Majina

(Mazungumzo na wazee wa kanisa na vijana, Nyasura, Bunda)

Nimeombwa nizungumzie wazo la kuweka kanisani dirisha la vioo vya rangi, la kuwakumbuka waliokufa vitani.

Huko Uingereza makanisa mengi ya vijijini yana madirisha ya namna hiyo, yaliyowekwa baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Juu huwa na picha ya malaika au mtakatifu. Chini, au kwenye kibao kando yake, majina ya vijana wa kijiji. Mama alisoma jina la mwanawe kila Jumapili.

Vita hivyo vilipiganwa hapa kwetu pia. Jeshi la Uingereza lilichukua wapagazi wapatao milioni moja katika Afrika Mashariki. Kwa hesabu zao wenyewe, zaidi ya 95,000 walikufa, wengi kwa maradhi. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja askari na wapagazi kwa jumla tu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Lakini tusiwanyooshee kidole wengine tu. Mkoa wetu wa Mara umetoa askari wengi. Mashujaa wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba, na kila Julai 25 taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Je, katika kitongoji chako unamjua aliyekwenda asirudi? Wazee wanaokumbuka wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kabla ya kuchangisha fedha za vioo, tununue daftari. Vijana wawaulize wazee: jina lake, jina la baba yake, alikotoka, vita gani, mwaka gani. Waandikwe wote, aliyebeba bunduki na aliyebeba mzigo, wa dhehebu letu na asiye wetu. Kila jina lithibitishwe na watu wawili.

Fedha zisipotosha kwa dirisha, ubao wa mninga uliochongwa majina unafaa. Kioo kikivunjika tutanunua kingine. Mzee akiondoka na majina, hatuna pa kuyanunua.