Mirija ya Figo na Chumvi za Mwili
Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, ilhali mkojo huwa lita 1 au 2 tu. Kinachobaki hurudishwa na seli za mirija midogo ya figo: pampu zake husukuma sodiamu kwenye damu, nayo maji huifuata. Pampu hizo hutumia oksijeni nyingi mno. Ndiyo maana kipindupindu, kama kilicholipuka Kinondoni, Dar es Salaam, Agosti 2015, huweza kuharibu figo: maji yakipungua sana mwilini, damu haizifikii ipasavyo, seli za mirija hufa, mkojo hukatika na potasiamu yaweza kulimbikizana hadi kusimamisha moyo. Mgonjwa anayeharisha aanzishiwe ORS (maji ya chumvi na sukari ya kunywa) mara moja na awahishwe kituo cha afya.