Habari iko kikaoni, tuifuate huko

Ndugu na dada zangu wa Kiandutu,

Tingatinga likishafika mtaani ndio tunaanza kuulizana kwa simu, nani aliamua? Jamani, uamuzi hauanzi na tingatinga. Unaanza kwenye kikao, na sisi hatukuwepo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake hadharani na kushirikisha wananchi. Si wewe, si mwandishi wa habari, hakuna wa kufungiwa mlango hivi hivi. Na makadirio ya bajeti lazima yafike bungeni kufikia Aprili 30 kila mwaka.

Sasa nyinyi vijana mnaoandika: msirudi na picha ya MCA tu. Chukua karatasi ya bajeti, iweke kando ya ile ya mwaka jana. Kama mtaro ulitengewa pesa mwaka jana, mwaka huu umeandikwa tena, na mtaani hauonekani, hapo pana habari. Uliza pesa za kwanza zilienda wapi. Andika nani alijibu na nani alinyamaza. Wakikunyima karatasi, peleka barua: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kukujibu.

Surat al-Hujurat inatufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Fununu haichimbi mtaro.

Kikao kijacho, kina mama na vijana, twende pamoja. Wabillahi tawfiq.